Dada, wale wakwe wawili wa Nuhu walikwenda wapi?

Dada,

Umenyamaza tangu siku ile nilipozima filamu ya Nuhu mbele ya wageni wako, na mimi nimechoka kupata salamu zako kupitia kwa mama. Ndiyo maana naandika hapa, mahali ambapo najua utasoma. Wengine watakaopita wanisamehe nikigusa mambo yetu bila kuyaeleza.

Ulisema, "Ni filamu tu." Hilo ndilo linalonikaa kooni. Wewe uliyenikaririsha vitabu 66 vya Biblia kwa mpangilio kabla sijajua kusoma vizuri, wewe ndiye wa kuniambia ni filamu tu?

Nilizima pale Nuhu anaposimama juu ya safina ameinua kisu, na chini ya kisu kuna vichanga wawili wa kike mikononi mwa mama yao. Ulitaka tuendelee kwa kuwa mwishoni anakishusha. Najua anakishusha, nimeitazama Noah ya mwaka 2014 yote. Swali ni kwa nini alikiinua. Katika filamu ile Nuhu anaamini Mungu anataka wanadamu waishe kabisa. Familia yake kazi yake ni kuvusha wanyama, kisha nayo ife. Mkwewe anapozaa mapacha wa kike, anaona ni wajibu kuwaua. Mbinguni kimya. Anawaacha hai kwa sababu anapowatazama moyo wake unajaa upendo. Yaani huruma imetoka kwa Nuhu, na Mungu amebaki yule asiyejibu.

Sasa fungua Mwanzo 6. Katika maneno yale yale ya kumpa vipimo vya safina, dhiraa 300 kwa 50 kwa 30, Mungu anamwambia kwenye mstari wa 18 kwamba ataweka agano naye, na kwamba ataingia yeye, wanawe, mkewe na wake za wanawe. Hakuachiwa kubahatisha. Sura ya 7 mstari wa 13 inawaorodhesha: Nuhu, Shemu, Hamu, Yafethi, mke wa Nuhu, na wake watatu wa wanawe. Watu 8, na Petro anairudia hesabu hiyo katika 1 Petro 3:20.

Kwenye filamu, Hamu na Yafethi hawana wake. Naomba usimame hapo, dada, maana hapo ndipo penye fundo lote. Wale wakwe wawili wakibaki mahali Mwanzo ilipowaweka, kisu kinakosa kazi: uzazi utaendelea hata hivyo, na neno la Mungu liko wazi. Mtunzi alihitaji kuwaondoa ili apate swali lake la kama binadamu anastahili kuendelea kuishi. Kwa hiyo ukitazama filamu ya Biblia, tafuta kwanza kilichoondolewa. Kilichoongezwa kila mtu anakiona, kama yale majitu ya mawe yaliyotujaza kelele sebuleni. Kilichoondolewa hakionekani mpaka uwe na andiko mkononi.

Nakuandikia hivi kwa sababu najua unanihesabu pamoja na wale wanaopiga marufuku kila kitu. Sipo huko. Kuna kujaza ukimya: Mwanzo haimpi mke wa Nuhu jina wala neno moja la kusema, na filamu haiwezi kumweka mwanamke bubu kwa saa mbili. Hilo sigombani nalo. Kuna kufupisha na kupanga upya, nalo mara nyingi linavumilika. Kisha kuna kupinga andiko, na hapo napo pana uzito tofauti. Filamu inaonyesha Lameki, baba yake Nuhu, akiuawa na Tubal-kaini, adui mkuu wa filamu hiyo, mbele ya Nuhu akiwa mtoto. Mwanzo 5:30 inasema Lameki aliishi miaka 595 baada ya kumzaa Nuhu, na gharika ilikuja Nuhu akiwa na miaka 600. Basi Lameki alikufa miaka 5 tu kabla ya maji. Ni kosa, lakini halimgusi Mungu. Tubal-kaini huyo huyo anapojipenyeza ndani ya safina na kujificha humo, jambo linazidi kuwa zito, kwa sababu Mwanzo 7:16 inasema Bwana ndiye aliyemfungia Nuhu mlango. Na kisu kinazidi yote, maana kinabadilisha tabia ya Mungu mwenyewe. Mtu asiyepima uzito hutumia nguvu zote kwenye ndevu na mavazi, akifika kwenye kisu hana sauti.

Na haki itendeke pande zote. Kuna waumini waliolalamika kwamba Nuhu ameonyeshwa amelewa na yu uchi. Hilo limo, Mwanzo 9:20 na kuendelea. Walisikika wakiitetea Biblia dhidi ya Biblia. Methusela, babu yake Nuhu, naye anafagiliwa na gharika, na hesabu inakubali: alimzaa Lameki akiwa na miaka 187, Lameki akamzaa Nuhu akiwa na 182, ongeza 600 ya gharika, unapata 969, umri wake kamili wa kufa. Safina yenyewe waliijenga kama kasha refu lisilo na usukani, karibu zaidi na andiko kuliko ile mashua ya mviringo kwenye vitabu vya watoto, twiga ametoa shingo nje. Picha zetu za Krismasi nazo zina mamajusi watatu kando ya hori, ilhali Mathayo 2 haitaji idadi yao na inasema waliingia nyumbani. Anayetaka filamu iheshimu maandiko aanze na kadi zake mwenyewe.

Sasa la kufanya, kwa kuwa uliniuliza kwa hasira, "Kwa hiyo tusitazame?"

Soma kwanza, siku ile ile. Mwanzo 6 hadi 9 ni mistari 97, haimalizi nusu saa hata ukisoma kwa sauti na watoto wakikatiza. Mpangilio huu usiugeuze. Picha ikitangulia, andiko likisomwa baadaye linavaa sura ya mwigizaji, na mtoto atakuapia kwamba majitu ya mawe yamo kwenye Biblia. (Majitu hayo, ambayo filamu inayaita Walinzi, yamechotwa katika Kitabu cha Henoko, kilichomo katika Biblia ya Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, ila si katika vile 66 ulivyonikaririsha.) Wakati wa kutazama usisimamishe kila dakika, watoto watachoka na watakuchukia wewe pamoja na Biblia yako. Simamisha pale tu Mungu anaposema au anapotenda, au pale ambapo andiko linasema alisema na filamu imemnyamazisha. Mwisho waulize: Mungu wa filamu hii anafananaje na yule tuliyemsoma? Waache wajibu wenyewe. Watoto wa miaka 8 au 9 wanaliweza swali hilo vizuri kuliko tunavyodhani.

Usimlaani mtengenezaji ambaye hujaona kazi yake, wala usisambaze kipande cha sekunde 30 kama ushahidi. Studio yenyewe, kabla ya filamu kutoka, iliweka tangazo kwamba uhuru wa kisanaa umetumika na kwamba kisa chenyewe kiko katika Mwanzo. Walituelekeza kwenye andiko, dada. Ni sisi tusiokwenda.

Utasema niliwaaibisha wageni wako. Wageni wangeweza kuambiwa. Yule mdogo aliyeniuliza kama Mungu huwatuma baba wawaue watoto angeambiwa nini na nani, na wewe ulikuwa unacheka? Sikuzima kwa dharau. Nilizima kwa sababu hakuna aliyesoma mstari hata mmoja kabla, na kisu kilikuwa kimekwisha kuinuliwa. Ningekuwa na dakika tano za maelezo ningeitumia njia hiyo. Sikupewa. Umewaambia watu nilipiga kelele, sikupiga kelele.

Nasikia likizo ijayo unawawekea The Prince of Egypt. Ni filamu nzuri ya katuni kuhusu Musa, na watoto wataipenda. Waanzishie Kutoka 2:5-10, waone kwamba aliyemtoa Musa mtoni ni binti Farao, si malkia. Wasomee 7:7 wajue kwamba Musa alikuwa na miaka 80 na Haruni 83 waliposimama mbele ya Farao, kisha 7:10, ambapo fimbo iliyogeuka nyoka ni ya Haruni. Filamu inamwita Farao huyo Ramesesi, lakini hatajwi jina popote katika Kutoka. Ramesesi wa sura ya 1 ni mji. Kisha watazame, na uwaache wamtafute Haruni wenyewe, waone amebakiziwa nini.

Ukiniita nitakuja. Ila Biblia ifunguliwe kabla ya televisheni. Hapo sirudi nyuma, hata kwako.

Mdogo wako