Majaribio ya Salma

Columbia, Maryland
Jumapili, 10 Agosti 2025

Shoga yangu mpendwa Mama Idrisa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na Baba Idrisa na watoto, na kwamba mgongo umekuachia ukafanya zamu zako bila kumeza vidonge. Sisi hatujambo. Ninajua sijakuandikia tangu Idi, na ninajua utasema kwamba Mama Salma humkumbuka rafiki siku anapokuwa na shida. Sema tu, maana safari hii ni kweli.

Ama baada ya salamu, shida yenyewe ni ile fimbo ya nyavu. Ulipokuwa ukinisimulia habari za Idrisa na lakrosi yake, ule mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye nyavu, nilikuwa nikicheka, nikikuuliza kama mmemleta mtoto Marekani kusoma au kuvua dagaa. Sasa yamenifika. Huku Maryland mchezo huu una sheria yake kabisa: mwaka 2004 serikali ya jimbo iliutangaza kuwa mchezo wake rasmi wa timu, na mtaani kwetu hukati kona bila kukutana na mtoto aliyeweka fimbo begani kama mchunga mbuzi. Salma alijiunga na ligi ya mtaa mwezi wa tatu, ile inayoendeshwa na wazazi wa kujitolea, ambako kila aliyelipa ada anapewa timu na hakuna anayerudishwa nyumbani. Akaupenda mno. Nguo zenyewe kwa wasichana si nyingi kama zile ulizomnunulia Idrisa, kofia ngumu na kinga za mabegani na viwikoni. Salma alihitaji fimbo, miwani ya kinga na kinga ya meno tu, nikamshukuru Mungu nikidhani gharama zimeishia hapo.

Mwezi uliopita likaja tangazo la klabu moja ya hapa karibu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu huenda bado tukapeana mikono nao, likisema kwamba majaribio ya timu ya wasichana wa umri wake yako wazi kwa wote, wenye uzoefu na wasio na uzoefu. Wazi kwa wote, Mama Idrisa. Nilisoma maneno hayo mara mbili, nikalipa dola 60 za kujiandikisha, nikampeleka.

Walikuwapo wasichana kama arobaini. Zaidi ya nusu walishuka kwenye magari na mabegi ya rangi moja, yenye jina la klabu na namba ya kila mmoja iliyodariziwa ubavuni. Mimi na Salma tukatazamana. Akapewa kizibao namba 87, akaenda kupanga mstari. Kocha mkuu, mama mmoja mchangamfu ambaye siwezi kumsema kwa adabu yake, alikuwa akiwaita wale wenye mabegi kwa majina yao ya utani, na wengine akiwaita kwa namba. Kukimbia, Salma aliwaacha. Kuokota mpira chini, hakukosa. Lakini lilipofika zoezi la washambuliaji watatu dhidi ya walinzi wawili, nilihesabu. Aliingia uwanjani mara saba, kila mara akakimbilia nafasi tupu na kuinua fimbo juu kama alivyofundishwa, na mpira ukamfikia mara moja. Hiyo mara moja ulimponyoka, kwa kuwa bado hajazoea kuitikisa fimbo vizuri, ule mtikiso wa kama mtu anayebembeleza mtoto, ambao bila huo mpira haukai kwenye nyavu. Mara sita nyingine wale wasichana walipasiana wenyewe kwa wenyewe, si kwa ubaya nadhani, bali kwa sababu wanajuana tangu wana miaka saba na mkono wa mtu huenda kwa yule anayemjua.

Jambo lililoniuma hasa si hilo. Nilikwenda mezani kuomba maji, nikaiona karatasi ya mwamuzi. Majina ishirini ya juu yalikuwa yamechapwa kwa mashine, kila moja na nafasi ya mchezaji mbele yake, na chini yake kulikuwa na namba zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi. Ya 87 ilikuwa ya nne kutoka mwisho. Haikuwa na jina.

Nisiwe mtu wa dhuluma. Timu yenyewe haizidi wachezaji ishirini na wawili. Nilipomuuliza yule kocha baadaye, alinijibu bila kuzunguka: wamechukua wapya wawili mwaka huu, na wote wawili walihudhuria mafunzo yao ya ndani wakati wa baridi, yale ya kulipia. Basi ndiyo kusema majaribio yalianza Januari na mimi nikaja Julai. Hakunidanganya mtu, lakini hakuniambia mtu pia, na ninapofikiri ni nani angeniambia, ninaona ni yule ambaye tayari ana binti ndani.

Alhamisi ukaja ujumbe. Salma hakuachwa wala hakuchukuliwa. Wamempa kile wanachokiita nafasi ya mazoezi: atafanya mazoezi na timu mwaka mzima, atavaa jezi ya mazoezi, na kwenye mashindano ya Delaware na New Jersey ataitwa endapo mwenzake ataumia au atasafiri. Ada ya wachezaji ni dola 2,100 kwa mwaka. Ya nafasi ya mazoezi ni dola 1,500. Nimewahi kuona mgeni akikalishwa ukumbini huku wenyeji wakila chumbani, lakini hii ya kumtoza mgeni karibu robo tatu ya bei ya sahani bado ilikuwa haijanifika. Tunatakiwa tujibu kabla ya Ijumaa usiku.

Baba Salma anasema tukubali. Hoja yake ni Waganda. Amesoma mahali kwamba Uganda ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza kombe la dunia la lakrosi, kule Denver mwaka 2014, na kwamba kama wao waliingia wakiwa wageni kabisa mbele ya Wamarekani na Wakanada, Salma atashindwa nini na vitoto vya Columbia. Nilimwambia kwamba Waganda hawakuambiwa wakae benchi na walipie benchi. Akanyamaza, kisha akasema kwamba walilipia tiketi. Humwezi yule.

Jirani yangu, ambaye binti yake yumo kwenye timu nyingine, naye ananitisha kwa habari za vyuo vinavyosajili wachezaji. Anasema mtoto asipoingia klabu akiwa na miaka kumi na miwili amekwisha. Nikauliza kwa wanaojua, nikaambiwa kwamba tangu mwaka 2017 makocha wa daraja la kwanza la vyuo wamekatazwa kuzungumza na mtoto au wazazi wake habari za kumsajili kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari ya juu, kwa kuwa ilifika mahali watoto wa darasa la nane walikuwa wakiahidiwa nafasi. Salma ana miaka minne kabla ya hapo. Sasa ni nani anayemharakisha, chuo au klabu? Wala sikumpeleka kwa ajili ya chuo. Nilimpeleka kwa sababu alirudi nyumbani mwezi wa tatu amechafuka matope mpaka nyusi, akacheka, na alikuwa hajacheka hivyo tangu tulipohama.

Na kuna jambo lingine ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii, na ni wewe peke yako ninayeweza kuliandikia. Unamkumbuka yule msichana wa Muheza? Aliyekuja kidato cha pili, mrefu, mwenye raba zilizokatwa vidole? Siku ya kuchagua timu ya netiboli mwalimu alisema kila mtu aje uwanjani, timu iko wazi. Wewe ulikuwa senta na mimi nilikuwa mfungaji, na usiku wake tulikuwa tumekwisha kukaa kitandani kwako bwenini kuandika majina saba kwenye daftari la jiografia, ambayo mwalimu aliyapokea akayakubali kwa vile alikuwa na madaftari ya kusahihisha. Yule msichana aliruka kuliko sisi sote. Alikuwa akisimama kwenye nafasi, mikono juu, akiita “hapa, hapa,” na wewe ukanitazama, nami nikakutazama, na mpira ukaja kwangu. Kila mara ukaja kwangu. Baadaye tulimwambia ajitahidi mwakani, na mwakani hakuja, na sidhani kama mimi au wewe tuliwahi kuuliza.

Nilikuwa nimeegemea uzio kule uwanjani, nimekasirika hasa, nikitafuta maneno ya kumwambia kocha, na fimbo ya Salma iko juu hewani, ndipo nikaisikia ile “hapa, hapa.” Nikaishiwa maneno yote. Sikumwambia kocha hata nusu ya niliyokusudia. Kumbe ninaijua karatasi ile. Niliiandika mimi.

Sikuandikii ili tulie pamoja, maana hayo yamepita miaka zaidi ya ishirini. Ninakuandikia kwa sababu hasira yangu imechanganyika na aibu na sasa sioni sawasawa. Nikiikataa nafasi ile, ninashindwa kujua kama ninamlinda mtoto au ninamwadhibu kocha kwa kosa langu mwenyewe. Nikiikubali, ninalipa dola 1,500 ili mwanangu asimame na mikono juu mwaka mzima.

Njia ya tatu ipo. Ligi ya mtaa itamchukua tena mwezi wa tatu, bila majaribio, kwa dola 150, na huko alicheza kila mechi tangu filimbi ya kwanza. Lakini mwenyewe hataki kusikia. Anasema huko wenzake wengi hawajui kudaka, na kwamba hatajifunza kwa kucheza na wasiojua. Ana hoja, na mimi sina la kumjibu. Tangu Alhamisi anarusha mpira kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, mkono wa kulia mara mia, wa kushoto mara mia, mpaka mzee wa chini akatoka na kandambili mikononi kuuliza kama nyumba inabomolewa. Nilipomwomba radhi akasema mkono wa kushoto unagonga vibaya, wa kulia una mdundo mzuri. Amemsikiliza binti yangu kuliko waamuzi wote wanne.

Sasa nisaidie, shoga yangu. Idrisa alipoanza, naye alikuta majina yamekwisha kuchapwa? Aliingiaje? Au mlikwenda yale mafunzo ya baridi nawe hukuniambia kwa kuwa nilikuwa nikikucheka? Huko Massachusetts kuna hii nafasi ya mazoezi, na umewahi kumwona mtoto mmoja, mmoja tu, aliyeanzia hapo akaishia kucheza? Walimpigia simu kweli siku ya mashindano, au simu ilikuja mara moja ikiwa mvua? Je, ni utovu wa adabu nikimwandikia kocha kumuuliza ni wangapi wa mwaka jana walipanda, au huku kila kitu kinaulizwa? Na Idrisa mwenyewe, sasa akiwa ni miongoni mwa wenye mabegi, huwapasia wapya? Muulize kabla hujanijibu, na uniandikie alichosema hata kama hakipendezi.

Ninaweza kusubiri mpaka Ijumaa saa nne usiku. Ukitoka zamu, hata kama ni alfajiri, piga. Simu nitailaza chini ya mto. Nisalimie Baba Idrisa, na umwambie yale madeni ya mchele wa Mama Tunu sijayasahau.

Wako wa tangu daftari la jiografia,
Mama Salma