Magogo mtoni yaache maji yapite

Ndugu Mhariri,

Kila masika mafuriko yakishaingia majumbani, mjadala huanzia bondeni: tope lizolewe, kuta zijengwe, watu wahamishwe. Sisi tunaomba macho yapandishwe juu. Maji yanayojaa bonde la Jangwani, Dar es Salaam, huanza kama vijito vidogo kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, na huko yanaweza kucheleweshwa kwa magogo.

Mji wa Pickering, kaskazini mwa Uingereza, ulifurika mara nne kati ya 1999 na 2007. Kuta za kuulinda zilionekana ghali mno. Ukaanzishwa mradi wa kuchelewesha maji: vikajengwa vizuizi 167 vya magogo kwenye vijito vyake, miti ikapandwa, na juu ya mji likawekwa tuta la kushika meta za ujazo 120,000 za maji. Mvua kubwa za Desemba 2015 zilipofika, kilele cha maji kilipungua kwa asilimia 15 hadi 20, na mji ukanusurika. Karibu nusu ya punguzo hilo ilitokana na kazi za huko juu vijitoni, kama magogo na miti. Nyingine ilikuwa ya tuta. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba magogo peke yake yanatosha.

Kosa la kwanza ni kukiona kizuizi kama bwawa. Gogo la chini hukaa kama sentimeta 30 juu ya maji ya siku za kawaida, ili maji na samaki wapite chini yake. Kijito kikijaa ndipo magogo yanapobana, maji yakapanda kingoni, yakatawanyika kwenye majani na kurudi polepole. Chagua kijito kisichozidi upana wa meta 3 au 4. Kwa kijito cha meta 2, kata magogo ya meta 4: kila ncha izikwe meta nzima ndani ya ukingo, kisha ibanwe kwa vigingi. Kwenye udongo wa kichanga zika zaidi. Kizuizi kinachofuata kiwe meta 14 hivi chini yake. Katikati pawe chini kuliko pembeni. Ukisahau hilo, maji huchimba ukingo, na baada ya mvua chache utakuta magogo yamesimama pakavu huku kijito kimehamia kando.

Korongo kavu lina kanuni yake. Hapo tumia mawe au fito zilizosukwa kwenye vigingi, kimo kisizidi meta 1, na chini yake tandaza mawe ili maji yanayoanguka yasichimbe msingi. Usawa wa juu wa kizuizi cha chini ulingane na kitako cha kile cha juu: kimo cha nusu meta kwenye mteremko wa asilimia 10 kinadai nafasi ya meta 5. Mchwa watakula fito, kwa hiyo udongo ukishajaa nyuma yake panda matete mara moja, mizizi ishike kabla fito hazijaoza.

Hofu kubwa ni kuziba. Mai Mahiu, Kenya, Aprili 2024, mkondo chini ya tuta la reli uliziba, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakapasua usiku na kuua makumi ya watu. Kizuizi kisiwekwe karibu na kalvati wala daraja, maana gogo likichomoka ndiko litakakokwama. Kila baada ya mvua kubwa mtu apite kuondoa plastiki na matawi. Kijito ambacho hakina wa kukikagua kiachwe kama kilivyo.

Tunaomba Halmashauri ya Kisarawe, Jiji la Dar es Salaam na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu wachague vijito viwili, vizuizi vijengwe kiangazi wakati kingo ni kavu. Fimbo ya kupimia kina ipigiliwe mapema, msimu mmoja kabla ya gogo la kwanza, ili vipimo vya baadaye viwe na cha kulinganishwa nacho.

Wahandisi wa maji na hifadhi ya udongo,
Dar es Salaam