Barua kwa Mama Salma: usiache kuandika hadithi za bibi

Tanga

Mpendwa Mama Salma,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza na watoto wamefunga shule. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na maneno ya yule mchapishaji yamenikera sana. Ati hadithi za sungura na mazimwi zimeshaandikwa zote, na wewe umri umekwenda! Basi ngoja nikupe habari za mwanamke mmoja wa Marekani, Verna Aardema, halafu uyapime maneno hayo mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1911 katika mji mdogo wa New Era, jimbo la Michigan. Alianza kufundisha mwaka 1934 na akastaafu mwaka 1973, mwalimu kama wewe, na kwa miaka mingi alikuwa pia akiliandikia gazeti la Muskegon. Hadithi zilianzia kwenye chakula: binti yake alikuwa hali mpaka asimuliwe kitu, na mama mtu, kwa kuwa siku hizo alikuwa akisoma habari za Afrika, akawa anamtungia visa vya huku. Vitabu vyake vya kwanza vya watoto vilitoka mwaka 1960, naye anakaribia miaka 50. Kile kilichompa jina, cha mbu anayelia masikioni mwa watu, kilitoka mwaka 1975. Mwaka uliofuata wachoraji wake, Leo na Diane Dillon, wakapewa nishani ya Caldecott, ambayo kule ndiyo heshima kubwa ya mchoraji wa vitabu vya watoto. Wakati huo yeye ni mstaafu tayari! Na hakuishia hapo. Vitabu viliendelea kutoka hadi miaka ya 1990.

Sasa hilo la kwamba zimeshaandikwa. Edward Steere, yule mmisionari aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alizikusanya hadithi za Waunguja akazichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande wa pili. Mwaka 1901 George Bateman akatoa za kwake Chicago, na humo kimo kile kisa chetu cha Sungura na asali ya Simba kule mbuyuni. Unakikumbuka: Simba anajificha nyumbani kwa Sungura, Sungura anafika, anasimama nje na kuamkia, “Hujambo, nyumba?” Kimya. Anashangaa kwa sauti kwamba nyumba yake kila siku humwitikia, leo ina nini? Simba naye, mjinga wa watu, anaitikia! Kisa hichohicho Aardema alikitoa upya mwaka 1989, na watoto wa Marekani wakakipokea. Miaka minne kabla yake alikuwa ametoa kile cha Zimwi anayemtia mtoto wa kike ndani ya ngoma na kumwimbisha kijiji hadi kijiji, nacho akakiandika kwamba ni cha Zanzibar. Iweje hadithi iwe mpya Marekani mwaka 1989, halafu iambiwe imechakaa huku kwao?

Mimi napenda jinsi alivyofanya kazi yake. Haogopi sauti. Katika kile cha mbu, kenge anatikisa kichwa mek, mek, mek, nyoka anapita majanini wasawusu, wasawusu, na mwishoni kofi linamshukia mbu: kpao! Simba akiitisha baraza, kila mnyama anamtaja aliyemponza, na mlolongo unarudiwa kuanzia mwanzo, ukizidi kurefuka. Mtoto akisomewa, ukurasa haujaisha naye anaimba. Vilevile mwaka 1981 alichukua hadithi ya Wanandi wa Kenya iliyokuwa katika kitabu cha Mwingereza Hollis cha mwaka 1909, ya mchungaji anayelipiga wingu mshale ili mvua inyeshe, akaifanya beti zinazojengana. Naye alisema wazi alikoitoa. Nakuomba na wewe ufanye hivyo: jina la bibi na kijiji chake viandikwe mwanzoni kabisa, si nyuma kwa herufi ndogo.

Lakini yeye alitegemea karatasi. Waliozinukuu zamani walishika matukio, na mara nyingi sauti ya msimulizi ikawaponyoka: pale anaposhusha pumzi, pale wasikilizaji wanapojibu “Pakawa!” Ilimbidi ajaze mwenyewe. Wewe bibi yako anakaa chumba cha pili, na wimbo wa mtoto aliye ndani ya ngoma anaujua wote. Kwa hiyo usianze kwa kuandika. Mrekodi kwa simu usiku, wajukuu wakiwa wamemzunguka, maana akiwa peke yake na wewe atafupisha. Ukishakaa kuandika, tafadhali usimsafishe. Kipemba chake kiache kama kilivyo, hasa katika nyimbo na mazungumzo ya wanyama. Najua wahariri watakushauri usanifishe kila kitu. Mimi naona hapo ndipo hadithi nyingi zinapofia.

Anza na ya Zimwi, unitumie hata kama haijakamilika. Shule zikifunguliwa nitawasomea watoto wangu wa darasa la pili, kisha nikuandikie walicheka wapi na walianza kupiga miayo wapi. Na picha usizitafute sasa. Tukipata maneno kwanza, mchoraji tutamwendea pamoja.

Mwamkie bibi, mwambie namshika miguu. Salma na wadogo zake wabusu.

Akupendaye,
Mama Juma