Barua ya wazi kwa wanangu mnaosomea habari: mradi wa Feri, na Feri yenyewe hamjafika

Wanangu,

Wiki iliyopita niliitwa tena kukaa meza ya majaji wa miradi ya wanafunzi wa habari, chuo sikitaji, na nilirudi nyumbani nimenuna mpaka mjukuu wangu akaniuliza bibi nani kakuudhi. Sasa badala ya kumnunia mtoto asiye na kosa nikaona bora niwaandikie wenyewe, na niandike hadharani, maana sio kundi moja lile tu, meza hizo nimezikalia miaka na kila mwaka naletewa kitu kile kile kimebadilishwa nguo.

Kundi lenyewe walikuwa watano. Wamependeza jamani, tisheti za rangi moja, nembo tayari, slaidi 31. Mradi wa kidijitali wa kuwakwamua akina mama wa soko la samaki Feri, hapa Dar. Kuna aplikesheni, kuna chaneli ya YouTube, kuna podikasti, kuna kurasa kwenye mitandao minne, vyote vianze siku moja, na vyote vimeelezwa kwa Kiingereza. Slaidi ya pili ina picha ya mama kabeba samaki kichwani, nikaikazia macho nikaona huyu mama sio wa kwetu, na samaki mwenyewe sijawahi kumuona bahari hii. Wameichomoa mtandaoni.

Mie nakaa Kigamboni. Miaka yangu yote ya redio nilivuka na pantoni asubuhi, nikitua tu upande wa Magogoni harufu ya Feri inanipokea kabla ya mtu yeyote kunipa shikamoo. Kwa hiyo nikauliza swali nililoona ni jepesi, la kuwachangamsha tu: wanangu, pale mnada unaanza saa ngapi? Wakatazamana. Haya, huyo mama wa mradi wenu ananunua mnadani mwenyewe au kwa mchuuzi? Anakaanga au anauza mabichi? Ana simu gani? Kimya, projekta tu ndo inavuma. Mwisho binti mmoja, mpole, akasema, "Mama, tulifanya utafiti wa mtandaoni."

Kutoka chuoni kwenu mpaka Feri ni daladala moja. Moja!

Halafu nikafika kwenye slaidi ya mlengwa. Wameandika: wanawake na vijana wote wa Afrika Mashariki. Yaani mama wa Feri aliyeamka usiku kuwahi samaki na kijana wa Kigali anayecheza gemu wote wanaletewa chakula kimoja kwa sahani moja. Hapo ndo niliponuna. Mtu akikwambia anaongea na wote, ujue hajaongea na hata mmoja, na mie sikufundishwa hivyo. Enzi zetu kipindi kilikuwa hakiingii studio kama hujajua unaongea na nani na saa ile unapoongea yeye yuko wapi, jikoni, shambani, au kalala. Wakubwa zenu watakumbuka Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania wa kuelimisha watu uzazi wa mpango na UKIMWI, ulioanza 1993. Nchi nzima ilimjua Mkwaju, yule dereva wa lori, watu walikuwa wanamtukana barabarani kama vile jirani yao. Mnadhani Mkwaju alitoka kichwani kwa mtu aliyekaa ofisini? Kabla ya kuandika walikwenda kwanza kuwasikiliza watu, mijini na vijijini, wanaishije, wanaamini nini, wanaogopa nini. Na tena eneo la Dodoma waliliacha makusudi bila mchezo mpaka 1995 ili walinganishe walioskia na wasioskia waone kama kuna kilichobadilika. Nyie nikiwauliza mtajuaje mradi umefanikiwa mnaniambia laiki. Laiki!

Msiniambie hayo ni ya kale. Ubongo, hawa wa katuni za watoto, walianzishwa hapa hapa Dar 2013 na mwaka uliofuata wakawa hewani TBC1, na vipindi wakavipeleka redioni pia, kwa sababu nyumba zenye redio na nyumba zenye intaneti sio nyumba zile zile. Kidijitali sio dini, kwamba ukiokoka unaacha vya zamani. Mtu wako akiwa na redio, mpe redio. Akiwa na kitochi, kile kisimu cha vitufe, mpe kinachoingia kwenye kitochi.

Basi, hasira ilivyonishika nikawaambia wale watoto mbele ya majaji wenzangu, kesho saa kumi na mbili asubuhi mnikute Feri, penye lango, nitawapeleka mwenyewe. Wakaja wawili. Binti yule mpole, na kijana mmoja kavaa raba nyeupe pee. Nikamtazama miguu nikanyamaza, nikasema Feri itamfundisha.

Tukaingia. Madalali wanapaza sauti, kila mtu anasukuma, maji ya samaki yanatiririka chini, raba ikawa ya kijivu ndani ya dakika kumi. Nikawapeleka kwa mama mmoja namfahamu, mkaangaji, nikamuomba awavumilie, nikakaa pembeni nikanyamaza, na kunyamaza kwangu mnakujua. Kijana akaanza vizuri, akamwamkia, akatoa simu, akauliza swali lake alilokariri, mama changamoto zako za kidijitali ni zipi. Yule mama akageuza kibua kwenye karai, akamtazama, akasema, "Baba, changamoto yangu ni huyu samaki asiungue."

Binti akacheka, akaacha karatasi yake, akachukua ndoo akaigeuza akakaa. Akaanza kumuuliza mambo ya kawaida tu, leo umenunuaje, jana je, hao wateja wanakujuaje. Nusu saa. Kumbe samaki wake hakosi wanunuzi, kabla ya jua kuzama karai tupu, sasa hiyo aplikesheni ya kumtangaza angeifanyia nini? Shida yake ni bei ya asubuhi. Hajui mnada umeamkaje mpaka afike, na akishafika nauli kishaila, siku nyingine bei iko juu hata kununua hawezi, anarudi na beseni tupu. Simu yake kitochi. Ila binti yake ana simu ya kupangusa, na wateja wa maofisini wanatuma oda kwa voisi za WhatsApp kwenye simu hiyo. Kusoma meseji ndefu hapendi, anasema macho yanamuuma na moshi. Lakini voisi anasikiliza zote, hata zile za makundi ya kijumuiya.

Mnaona? Mradi huo hapo. Sauti fupi ya nusu dakika kila alfajiri, mtu mmoja yuko mnadani anataja vibua leo vimeanzia ngapi, changu ngapi, dagaa wapo au hawapo, inarushwa kwenye kundi. Na kwa mwenye kitochi, meseji moja ya kawaida yenye bei tatu tu. Hakuna droni, hakuna aplikesheni. Na huo ni mwanzo tu, labda wiki mbili mkijaribu mtakuta bei zinabadilika haraka mno haifai, basi mtakuwa mmepoteza wiki mbili na bando, hamjapoteza milioni za mtu.

Wakarekodi pale pale dakika moja ya majaribio. Kwenda kusikiliza, mafuta yanachemka yamemeza maneno yote, mama haongei, anakaangwa! Wakarudia wamemsogeza nyuma ya banda, simu karibu na kidevu, mgongo umekinga upepo wa baharini, ikasikika. Hiyo dakika moja ina thamani kuliko slaidi zote 31, na siku ya kuwasilisha ndo ingetakiwa iwe ya kwanza kabla hata hamjasema majina yenu. Zima taa, acha jaji amsikie mama anasema anarudi na beseni tupu, halafu ndo useme sisi tunataka kufanya hivi, kwa wiki kadhaa, kwa shilingi kadhaa, mtajua tumefaulu kwa dalili hii. Sentensi mbili tatu. Ukishindwa kumwambia konda wa daladala mradi wako akauelewa kabla ya kituo kinachofuata, bado haujaiva.

Sasa bajeti yenu ya kwenye slaidi. Droni milioni nne, laptopu ya kuhariria ya bei hiyo hiyo, matangazo. Nauli sifuri. Bando sifuri. Chakula cha watu watano wanaoamka saa kumi usiku, sifuri. Na hela itatoka wapi, "mapato ya YouTube". Haya, YouTube wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndo uanze kupata mgao wa matangazo, na hata hapo mgao wenyewe mtagawana watano. Andikeni nauli kwanza.

Mengine nayataja tu, mkayatafute wenyewe. Droni ni mpaka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Magogoni ni jirani na Ikulu kwa hiyo hata msijaribu. Muziki wa watu msiubebe hovyo, kuna sheria ya hakimiliki ya 1999. Namba na sauti za akina mama ni taarifa binafsi, sheria ipo tangu 2022, ombeni ridhaa na mueleze kwa Kiswahili inaenda wapi. Kanuni za maudhui mtandaoni zisomeni kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zilivyo leo, zimebadilishwa mara kadhaa tangu zile za 2018 zilizotaka leseni ya mwaka ya milioni moja hata kwa mwenye blogu. Faili hifadhini sehemu mbili. Mhariri awe mmoja anayejulikana, sio "sote tutahariri".

Nimewasema nyie sana, na wakubwa zenu je? Maana haya hamkuyaokota barabarani. Sisi ndo tuliowafundisha. Kozi ya utangazaji unakuta kamera moja wanafunzi darasa zima, mtoto anahitimu kaishika mara mbili, amejua aina za shoti kwa kukariri notsi. Majaji nao, na mie nimo, mtoto akija na Kiswahili chake safi tunamuona mshamba, akija na Kiingereza cha wafadhili tunatikisa vichwa hata kama hakina kitu ndani. Kundi lile la Feri, mnajua walipata namba ngapi? Ya pili. Baada ya maswali yangu yote yale, namba ya pili, kwa sababu slaidi zilikuwa nzuri. Kundi lililokuja na mahojiano halisi ya waendesha bajaji, yamerekodiwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka, likawa la mwisho kwa kuwa "halina mvuto wa kitaalamu". Niliongea nikazidiwa kura. Kale katoto kaliokuwa kanawasilisha kalikunja waya wake taratibu kakatoka, na mie moyo uliniuma, nilitaka nimkimbilie, miguu yangu siku hizi hainisikii.

Mwanangu wa bajaji, kama unasoma hapa, usiyafute yale mahojiano. Rudi stendi kawasikilizishe wale wale waliokupa, watakwambia wapi umekosea na wapi umewagusa. Kazi yako imeshaanza, wenzako bado wanachagua rangi ya nembo.

Na nyie watatu ambao hamkuja Feri, sina kinyongo, najua mmoja anauza vocha asubuhi ili alipe ada. Ila semeni. Mpango wa kazi usioandika kwamba fulani asubuhi hayupo ni mpango wa watu wa kufikirika.

Alhamisi nitakuwa pale tena, lango lile lile, muda ule ule, anayetaka aje na simu yenye chaji na ndala. Na wewe wa raba nyeupe, pawabenki yako uliisahau kwa yule mama. Ameifunga kwenye mfuko wa nailoni kaiweka juu ya ndoo ya unga, anasema jana usiku alimchajia binti yake simu, kwa hiyo imeisha moto, usije ukamlaumu.