Mwanafunzi hodari apewe mwaka wake kabla ya chuo kikuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vijana hodari ambao, baada ya kurushwa darasa kwa wepesi wao wa kufahamu, humaliza Kidato cha Sita wakiwa na miaka 16 au 17. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 hao bado ni watoto. Hata hivyo, mitihani humalizika Mei, matokeo hutoka Julai, na kabla ya mwaka kwisha mtoto wa Wete au Mkoani, kisiwani Pemba, yuko dahalia Unguja, mbali na wazee wake, akisomea fani aliyochaguliwa na wakubwa kwa sababu tu alama zake zinaruhusu.

Naamini vijana wa aina hii wapewe fursa ya kupumzika mwaka mmoja, wakiwa na hakika kwamba nafasi zao zinawangoja. Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kimekuwa kikiwashauri wanaokubaliwa waufikirie mwaka huo. Malia Obama, binti wa aliyekuwa Rais, aliuchukua mwaka 2016 na akaanza masomo 2017.

Najua hofu ya wazazi, na kwa watoto wa kike hofu hiyo ina msingi. Msichana akikaa nyumbani mwaka mzima, jamaa huona kwamba amekwisha kusoma; posa huanza kuingia, na baba aliyekuwa na msimamo hulegea kila anapoulizwa barazani binti anangoja nini. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kila familia ijipangie wenyewe. Barua ya chuo yenye tarehe ya kuripoti ingempa msichana huyo, na mama yake, jibu la kuwapa washenga.

Mwaka wenyewe uwe na kazi. Anayetaka udaktari akajitolee kituo cha afya cha shehia yake, aone wagonjwa kabla hajaapa kuwahudumia. Mwenye hisabati awasaidie wa Kidato cha Pili katika skuli aliyosoma.

Kwa hiyo naiomba SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, itangaze wazi, pamoja na sifa za kujiunga, utaratibu wa kumwekea nafasi kwa mwaka mmoja mwanafunzi aliye chini ya miaka 18, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ihifadhi ombi lake bila ya kumtaka aanze upya.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba