Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani: kabla ya kutoa ndege za F-35, tupeni hesabu ya mabomu ya Yemen

Mombasa, Novemba 2025

Mheshimiwa Marco Rubio,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako. Mimi ni muuza viungo hapa Marikiti, Mombasa, mzee wa miaka 61, na sijawahi kumwandikia barua waziri yeyote, hata wa kwetu. Watu wangu ni wale ambao pwani hii huwaita Washihiri. Babu yangu alishuka hapa na jahazi la kaskazi, akaanza maisha kwa kutembeza dele la kahawa, na tangu siku hizo ukoo wetu umekuwa nusu huku, nusu Yemen.

Nimenyamaza tangu Machi 2015, Saudi Arabia na wenzake walipoanza vita vyao Yemen dhidi ya waasi wa Kihouthi. Tarehe 18 mwezi huu niliona Mwanamfalme Mohammed bin Salman akipokewa katika Ikulu yenu kwa farasi, mizinga na ndege za kivita zikipita juu. Nikasikia kwamba Saudi Arabia itauziwa F-35, na usiku huo ikatangazwa kuwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO. Mwandishi wa habari alipouliza juu ya Jamal Khashoggi, mwandishi wa Kisaudi aliyeuawa na maofisa wa Saudi Arabia mjini Istanbul mwaka 2018, Rais wako alijibu kwamba mambo hutokea. Juu ya Yemen hata sikusikia swali. Cheo hicho cha mshirika mkuu Kenya nayo ilipewa mwaka 2024, kwa hiyo nadhani ninaruhusiwa kukuandikia kama mshirika mmoja anavyomwandikia mwenzake.

Dada yake baba yangu alizaliwa Kibokoni, akaolewa Hudaydah. Alikuwa na maradhi ya sukari, na dawa yake ilitaka kuhifadhiwa penye baridi, katika mji ambao joto lake hata sisi wa Mombasa hatuliwezi na ambao umeme wake ulikatika vita vilipoingia. Mwezi Agosti 2015 ndege za muungano unaoongozwa na Saudi Arabia zilibomoa winchi za bandari ya Hudaydah, mlango mkuu wa chakula na dawa kwa Wayemeni wa kaskazini. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likanunua winchi nyingine nne, tena kwa fedha za Marekani. Januari 2017 muungano huo ukazirudisha zikiwa njiani baharini, na hazikufika mpaka Januari 2018. Mkono mmoja wa serikali yako uliuza mabomu, wa pili ukanunua winchi, na mikono hiyo miwili haikupata kukutana mezani. Mimi duka langu ni dogo, lakini ningekuwa na wafanyakazi wawili wa namna hiyo ningewaita jioni hiyohiyo.

Kiwanja cha ndege cha Sana'a nacho kilifungiwa safari za abiria tangu Agosti 2016 hadi Mei 2022, na shangazi hakuwa na njia ya kutoka kwenda kutibiwa. Fedha nilizokuwa nikimtumia mara zilifika, mara zilirudi bila maelezo. Alifariki mwaka 2018. Cheti kiliandika sukari, nami sibishani na cheti, wala sitadai kwamba bomu la Kimarekani ndilo lililomwua. Lakini Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba hadi mwisho wa 2021 vita vile vingekuwa vimeua watu 377,000, na kwamba karibu asilimia 60 yao hawakufa kwa risasi wala bomu bali kwa njaa, maradhi na kukosa huduma. Nadhani shangazi yangu yumo humo.

Najua utanijibu kwamba Wahouthi nao wameua, wametega mabomu ya ardhini, wameuzingira mji wa Taiz, na wamewafunga wafanyakazi wa misaada. Ni kweli, na sina salamu za kuwapelekea. Ila Wahouthi hawakununua silaha zao kwa kibali cha wizara yako. Saudi Arabia ilinunua. Hata tangazo la kuanza kwa vita halikutolewa Riyadh. Balozi wao alilitoa akiwa Washington. Ndege zenu zilizijazia mafuta angani ndege zao mpaka Novemba 2018.

Naomba nikukumbushe jambo moja tu kati ya mengi. Tarehe 9 Agosti 2018 bomu liliangukia basi la wanafunzi sokoni Dahyan, mkoa wa Saada. Msalaba Mwekundu ulihesabu maiti 51, na 40 kati yao walikuwa watoto. Mabaki yalitambuliwa kuwa ya bomu la Kimarekani aina ya MK-82. Mwezi uliofuata, tarehe 12 Septemba, waziri aliyekuwa kwenye kiti chako aliithibitishia Kongresi kwamba Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zilikuwa zikichukua hatua za kupunguza madhara kwa raia. Machi 2019 Seneti ilipiga kura 54 kwa 46 kutaka Marekani ijitoe katika vita vile. Wewe ulikuwa seneta wa Florida, na ulikuwa katika wale 46. Azimio hilo baadaye lilipigwa kura ya turufu na Rais huyuhuyu unayemtumikia leo.

Kisha Februari 2021 Rais Biden akaahidi kukomesha msaada wote kwa mashambulizi ya Yemen, pamoja na uuzaji wa silaha unaohusika. Huku kwetu watu walishangilia. Mimi mwenyewe niligawa kahawa ya bure dukani siku hiyo, na sasa naona haya kuisimulia. Agosti 2024 serikali hiyohiyo ilifungua tena mauzo. Mei mwaka huu Rais Trump akatangaza Riyadh mkataba wa silaha wa karibu dola bilioni 142. Wapo wanaosema sababu ni mafuta, wapo wanaosema ni hofu ya Iran. Mimi, kwa ujuzi wangu wa dukani, nashuku ni jambo dogo zaidi: mteja huyu hulipa, na mteja anayelipa haulizwi anakwenda kupikia nini.

Namshukuru Mungu kwamba baada ya usitishaji wa mapigano wa Aprili 2022 ndege za Saudi Arabia zilitulia kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana nauliza sasa, kabla ndege mpya hazijafika. Ofisi yenu wenyewe ya ukaguzi inayoitumikia Kongresi ilieleza mwaka 2022 kwamba kati ya 2015 na 2021 msaada wa kijeshi wa dola bilioni 54.6 hivi ulikwenda kwa Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, na kwamba wizara yako na ile ya ulinzi hazikuwa zimebaini kikamilifu ni kwa kiasi gani msaada huo ulichangia madhara kwa raia. Bilioni 54.6, Mheshimiwa. Mimi kila kilo ya iliki inayotoka hapa ina karatasi yake.

Wala usiniambie kwamba kazi hiyo haiwezekani. Ubalozi wenu wa Nairobi ulipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, watu 213 walikufa, wengi wao Wakenya. Wachunguzi wenu walikuja wakachambua kifusi kipande kwa kipande, na mwaka 2001 watu wakahukumiwa New York. Hakuna aliyetuambia siku ile kwamba mambo hutokea.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai hesabu ya kila bomu. Nimeona ni kubwa, utaipeleka kwa makatibu nao wataipeleka kabatini. Basi naomba ya bomu moja, lile la Dahyan: liliuzwa lini, nani alitia sahihi, na baada ya wale watoto kuzikwa, ni ofisa gani wa wizara yako aliyekwenda kwa mshirika wenu kuuliza. Nijibu hilo moja kabla F-35 ya kwanza haijakabidhiwa. Kwa Kiingereza pia nitasomewa.

Wako kwa heshima,

Muuza viungo, Marikiti, Mombasa