Malalamiko kuhusu kazi ya kupunguza kelele kwenye gari langu, MGB la mwaka 1972

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Mombasa, 20 Mei

Bwana Meneja,

Februari niliwaletea gari langu la wazi, MGB la mwaka 1972, nikaeleza shida yangu bila kuzunguka: likifika kilomita 80 kwa saa, sakafu na bati linalofunika giaboksi huvuma kama debe tupu, hata mimi na mke wangu aliyeketi ubavuni hatusikilizani. Sikuomba gari liwe kimya. Gari la hudi ya turubai halinyamazi. Upepo una sauti yake na matairi yana yao, na mngurumo wa injini ndio hasa ulionifanya nilinunue. Niliomba mabati yaache kupiga ngoma, basi.

Fundi wenu alinishauri shuka za butili, yaani mpira laini unaonata, zenye alumini juu, na chini ya kapeti sponji isiyonywa maji. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye risiti ya Sh68,000. Yaliyobandikwa ni mengine.

Jua ndilo lililowaumbua. Wiki ya tatu niliegesha Nyali saa saba mchana, hudi imefunguliwa. Niliporudi, ndani mlinuka kama barabara inayotiwa lami, na ute mweusi ulikuwa umechuruzika hadi kwenye kapeti. Nilibandua kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakilaza kwenye friza usiku kucha. Asubuhi kilivunjika kama biskuti. Butili hubaki laini hata kwenye baridi hiyo. Mlichoniuzia ni lami, jamaa ya ile ya kuzibia mapaa ya zege.

Masika yalipoingia nikakuta la pili, nalo linaniuma zaidi. Sponji mliyoweka inakunywa maji. Niliikamua kwa mikono yangu, ikajaza nusu ndoo, na chini yake sakafu imeshaanza kuota kutu. MGB halikujengwa juu ya chesisi iliyotengana na bodi: bodi yenyewe, pamoja na sakafu na vizingiti vya milango, ndiyo inayolibeba. Kutu ikila hapo imekula uti wa mgongo.

Tena kuna milango. Waliolitengeneza kule Abingdon, Uingereza, waliacha vitundu chini ya kila mlango, kwani maji ya mvua hupenya kando ya kioo na lazima yapate pa kutokea. Fundi wenu ameviziba kwa lami ile ile. Nilipofungua mlango wa kulia nilisikia maji yakicheza ndani kama dafu linalotikiswa.

Wala hapakuwa na haja ya kupaka kila pembe. Kutuliza mtetemo wa bati, kufunika kama robo ya eneo lake kungetosha, mradi shuka ikandamizwe vizuri kwa rola.

Nilipopiga simu niliambiwa, "Mzee, magari makuukuu ndivyo yalivyo." Gari hili limeishi miaka hamsini na kitu, na vitundu vyake vilikuwa wazi hadi lilipofika kwenu.

Nataka mnirudishie Sh68,000 zote. Nataka pia mlipe gharama ya kubandua lami, kuzibua milango na kutibu kutu, kazi itakayofanywa na fundi nitakayemchagua mimi; wenu simkabidhi tena hata ufunguo. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 nitakuwa nayo mkononi.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za sakafu na milango, na vipande viwili vya hiyo "butili" ndani ya bahasha ya kaki. Msiiache juani.

Wenu,
Mwenye MGB la kijani